Kwa nini hewa ni adui wa breki za Canter lakini ndiyo breki yenyewe ya lori zito?

Mwenye Canter, Morogoro

Wakuu, habari za kazi. Nimeendesha Canter kwa miaka tisa, nikibeba mahindi, nyanya na matofali kati ya Kilosa, Morogoro na Dar es Salaam, na kwa muda huo wote breki nilizozijua ni za mafuta. Pedali ya Canter huzungumza na mguu: lainingi zikiisha unajua, mafuta yakipungua unajua, na dramu moja ikishika kuliko nyingine unajua kabla hata fundi hajafungua gurudumu.

Sasa mimi na shemeji yangu tumekubaliana kuuza Canter hiyo, tuongeze fedha, tununue kichwa cha mtumba pamoja na tela lenye ekseli tatu. Wiki iliyopita niliruhusiwa kujaribu lori moja ndani ya yadi ya muuzaji. Mara ya kwanza nilikanyaga breki kama ninavyokanyaga ya Canter, na nusura nigonge kioo kwa paji la uso. Mara ya pili nikakanyaga kwa woga, na lori likaendelea kwenda kwa kitambo kidogo, kama mtu aliyeitwa akachelewa kuitika, ndipo likashika. Chini ya mguu sikusikia kitu chochote isipokuwa mlio wa upepo unaotoka nilipoachia.

Nilirudi nyumbani na swali ambalo halijaniachia usingizi. Fundi wangu wa Canter alinifundisha kwamba povu dogo la hewa likiingia kwenye paipu za breki, pedali hudidimia na breki hupotea, ndiyo maana kila tukifungua mfumo lazima tutoe upepo gurudumu moja baada ya jingine. Mafuta hayabanwi, hewa hubanwa, hilo nalielewa. Inakuwaje basi kitu kile kile tunachokifukuza kwenye breki za gari dogo ndicho kikabidhiwe lori lenye tani 50? Kama mafuta yanashika haraka na yanampa dereva habari, kwa nini watengenezaji wa malori mazito hawakubaki nayo? Naomba majibu ya watu wanaoifahamu kazi, kwa sababu fedha tunazotaka kutoa ni za familia mbili.

Fundi wa Makambako

Ndugu Mwenye Canter, swali hilo nilimuuliza fundi mkuu wangu nilipokuwa mwanafunzi wa gereji, akanituma nikafungue matangi yote ya upepo ya lori lililokuwa mbele yetu nitoe maji. Hilo ndilo jibu nililopata siku hiyo, na ilinichukua muda kutambua kwamba lilikuwa jibu: nguvu ya breki hizo imo ndani ya matangi.

Tofauti kubwa haiko kwenye kubanwa na kutobanwa. Iko kwenye nani anayesukuma. Katika Canter anayesukuma ni wewe, ukisaidiwa na busta, na mafuta ni kama mti mgumu uliolazwa kati ya mguu wako na gurudumu: unapousukuma huku, unasogea kule. Safari ya mguu ni fupi, na povu la hewa likiwa katikati huila safari hiyo yote kwa kubanwa, hivyo pedali inafika sakafuni huku lainingi haijagusa dramu. Katika lori la breki za upepo mguu wako hausukumi gurudumu hata kidogo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matangi hadi bar 8 au zaidi, na nguvu ya kusimamisha lori imekwisha kuwekwa akiba kabla hujakanyaga chochote. Pedali ni bomba: ukilifungua kidogo unapita upepo kidogo, ukilifungua lote unapita mwingi. Upepo ukibanwa njiani si hasara, kwa kuwa nyuma yake liko tangi zima linaloendelea kusukuma. Ndiyo maana pia hukusikia kitu mguuni. Ulichokuwa unakigusa ni springi na mpira wa vali, si lainingi.

Wapo wanaosema upepo ulichaguliwa kwa kuwa una nguvu kuliko mafuta, na hilo si kweli. Chukua chemba, yaani kopo la chuma lenye dayaframu ya mpira linalogeuza upepo kuwa msukumo, ile ya kawaida ya ekseli ya nyuma inayoitwa aina ya 30 kwa sababu eneo la dayaframu yake ni inchi za mraba 30, yaani sentimita za mraba 194 hivi. (Mafundi wengi huiita busta, jina linalochanganya watu kwa kuwa Canter nayo ina busta yake ambayo ni kitu kingine kabisa.) Ukiipelekea upepo wa bar 7, fimbo yake inasukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1,400, kisha slaki, yaani mkono wa chuma unaounganisha fimbo na kamu na unaokazwa lainingi zikilika, inaigeuza nguvu hiyo kuwa ya kuzungusha kamu yenye umbo la herufi S, ambayo ndiyo inayotanua lainingi. Sasa nguvu hiyo hiyo unaipata kwa pistoni ya mafuta yenye kipenyo cha sentimita 5 tu, mradi presha yake iwe bar 70. Mafuta hufanya kazi kwa presha kubwa mara kumi ndani ya kifaa chenye eneo dogo mara kumi. Ndiyo sababu ukichungulia chini ya Canter huoni kitu, na ukichungulia chini ya tela unaona masufuria yananing'inia kila upande wa ekseli. Kwa nguvu peke yake mafuta yanatosha. Kijiko kinachochimba barabara kinainua mawe kwa mafuta, hakitumii upepo.

Kilichoamua shauri ni tela. Kichwa na tela huunganishwa na kuachanishwa kila mara, bandarini, mpakani, kwenye yadi za mizigo, wakati mwingine usiku na kwenye mvua. Utingo anapachika hozi mbili, nyekundu inayopeleka upepo wa kujaza tangi la tela na ya njano inayopeleka amri ya breki, na kazi imekwisha. Vumbi kidogo na upepo uliopotea wakati wa kuachanisha havina madhara yoyote, kwa sababu kompresa itaongeza mwingine. Fikiria ingekuwa hozi za mafuta: kila ukiachanisha tela mafuta yangedondoka na hewa ingeingia, na kila ukiunganisha ungelazimika kutoa upepo kwenye magurudumu yote ya tela kabla ya kuondoka getini. Hakuna dereva ambaye angefanya hivyo, na ambaye asingefanya asingefika.

Jambo la pili ni namna kila mfumo unavyovuja. Jumanne hii nilikuwa na tela ambalo mwenyewe alilalamika kwamba geji inashuka usiku. Tulilijaza upepo, tukazima injini, nikachukua kopo la maji ya sabuni na brashi ya rangi, nikawa napaka kila kiungo kimoja kimoja. Kwenye chemba ya ekseli ya katikati, pale mkanda wa chuma unapobana dayaframu, povu liliota polepole hadi likawa na ukubwa wa limau. Tela hilo lilikuwa limetoka Tunduma na mzigo likiwa na uvujaji huo, na breki zilikuwa zinashika, kwa kuwa kompresa ilikuwa inalipa deni njia nzima. Canter ikiwa na tundu la namna hiyo kwenye paipu, unakanyaga mara chache, mafuta yanakwisha katika mzunguko huo, na hakuna kinachotengeneza mengine.

Kuhusu kuchelewa ulikokusikia: ni kweli, si woga wako. Upepo unahitaji muda wa kusafiri na kujaza chemba, na kwa lori lenye tela hesabu inayofundishwa ni karibu nusu sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori linakwenda mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 11 zinapita kabla lainingi haijaanza kushika, na hizo ziko juu ya mita ulizozipoteza ulipokuwa unafikiri. Watengenezaji hupunguza kuchelewa huko kwa kuweka rilei vali na tangi karibu na ekseli za nyuma, ili amri tu ndiyo isafiri kutoka mbele na upepo wa kazi utoke karibu. Malori ya miaka ya karibuni yenye EBS, yaani breki zinazoongozwa kwa elektroniki, hutuma amri kwa umeme, na kuchelewa hupungua zaidi. Lakini lori la mtumba utakalolinunua huenda halina hiyo EBS, au inayo na waya zake zimekatwa, na hilo nimeliona mara nyingi.

Dereva wa Transiti

Naongezea moja tu. Ndugu usiwe na hofu, breki za upepo hazifeli. Upepo ukiisha, lori linajifunga lenyewe na halisogei hata kwa kusukumwa, kwa sababu ndani ya chemba za nyuma kuna springi kubwa inayozuiliwa na upepo. Kwenye breki za mafuta, mafuta yakiisha unakwenda na maji. Mimi nina miaka kumi na minne njia ya Lusaka, na wote niliowaona wakiacha barabara ni madereva wazembe, si breki. Nunua lori ufanye kazi.

Mwalimu wa Magari

Ndugu Dereva wa Transiti, kwa heshima naomba nisikubaliane nawe, kwa kuwa nafundisha vijana umekanika na kila mwaka napokea darasa zima lenye imani hiyo.

Sehemu ya kwanza ya maneno yako ni sahihi. Wazo la kuifanya breki ishike pale upepo unapokosekana ni la zamani kuliko malori yenyewe. George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na mfumo huo wa kwanza ulikuwa na kasoro: upepo ndio uliosukuma breki moja kwa moja, kwa hiyo bomba likikatika kati ya mabehewa, breki hazikuwapo. Mwaka 1872 akaugeuza mpango, presha iliyo ndani ya bomba ikawa ndiyo inayozuia breki zisishike, na ikipotea breki zinashika zenyewe. Springi ya lori inafuata fikra hiyo hiyo ingawa kifaa ni kingine. Presha ikishuka chini ya bar 4 hivi, springi inaanza kuishinda, na inapoendelea kushuka springi inashika kabisa. Tela nalo hozi yake nyekundu ikikatika, vali yake hutumia upepo uliobaki kwenye tangi lake kushika magurudumu.

Lakini kusema hazifeli ni kosa, na sababu ya kwanza ni kwamba si kila lori lenye tangi la upepo lina springi hizo. Malori mengi ya wastani ya Kijapani, ya tani tano hadi kumi hivi, hasa ya zamani, yana mfumo mseto: pedali inafungua upepo, upepo unasukuma pistoni, pistoni inasukuma mafuta, na mafuta ndiyo yanayofika magurudumuni. Handibreki yake mara nyingi ni dramu moja ndogo iliyo nyuma ya gia boksi, inayokamata shafti. Lori la namna hiyo likipoteza upepo halijifungi. Linapoteza breki za miguu. Linabeba magonjwa ya pande zote mbili, na dereva aliyehamia hapo akitokea kwenye lori la kichwa na tela, akiamini kwamba upepo ukiisha atafungwa tu, ameamini kitu ambacho hakimo ndani ya gari lake.

Sababu ya pili ni kwamba springi nayo ina safari yenye mwisho. Ikiwa slaki imelegea, fimbo inatoka ndefu, na springi inayotanuka sana imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kabla lainingi haijabana vizuri. Fimbo ikigonga mwisho wa chemba, iwe inasukumwa na upepo au na springi, hakuna kinachoongezeka tena. Geji itasoma bar 8, tangi litakuwa limejaa, na gurudumu litaendelea kuzunguka.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa, nayo haitofautishi upepo na mafuta: ni joto. Breki haiuondoi mwendo, inaugeuza kuwa joto. Lori lenye tani 56, ambazo ndizo kikomo cha sheria ya mizani ya Afrika Mashariki, likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa linaacha kwenye dramu megajuli 14 hivi. Sasa lishushe lori hilo mlima kwa mwendo usiobadilika. Kila mita 100 za kushuka kwa wima, si za urefu wa barabara, zinatoa megajuli 55, yaani sawa na kusimama huko mara nne. Joto hilo linatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 160 yaliyokuwa ya kawaida, karibu na pipa zima. Mteremko wa Kitonga una mita mia kadhaa za namna hiyo, na dramu hazina mahali pa kuliweka joto lote hilo isipokuwa ndani ya chuma chake zenyewe.

Hapo ndipo mifumo miwili inapotofautiana, na kila mmoja una hatari yake. Katika Canter joto linapita kwenye pistoni hadi kwenye mafuta. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya lazima yavumilie angalau nyuzi 205 za Selsiasi kabla hayajachemka, lakini yanavuta unyevu wa hewa, na yakishauvuta kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanazaa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama ghafla, ugonjwa ule ule wa povu aliousema mwuliza swali. Ni ajali mbaya, ila ina adabu moja: pedali inakwambia. Kwenye breki za upepo hakuna cha kuchemka, na hiyo ni faida kubwa isiyotajwa mara nyingi. Badala yake dramu inapanuka kwa joto na kuikimbia lainingi, fimbo inalazimika kutoka ndefu zaidi, na lainingi yenyewe inapoteza ukali. Pedali inabaki vile vile, laini na tulivu, na geji haishuki. Dereva hana habari hadi atakapohitaji kusimama.

Kwa hiyo, ndugu Mwenye Canter, uliposema pedali ya Canter huzungumza na mguu, uligusa jambo ambalo wengi hulipita. Ya lori haizungumzi. Unachokipoteza mguuni lazima ukitafute kwa macho na kwa kipimo.

Msafiri wa Mombasa

Salamu kutoka pwani. Nimesoma maelezo ya Mwalimu nikakumbuka mteremko wa Sachang'wan kuelekea Salgaa, huku Kenya, ambako malori yalikuwa yakishuka gia ikiwa imetolewa ili kuokoa dizeli. Wengi hudhani hatari ya mtindo huo ni mwendo tu. Gia ikitolewa, breki ya egzosti, ile inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo, haina tena la kukamata kwa sababu magurudumu hayasukumani na injini, kazi yote inahamia kwenye dramu, na injini inayovuma taratibu inazungusha kompresa taratibu. Dereva anayekanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, anatumia upepo haraka kuliko unavyorudi. Ukiijumlisha na dramu zilizokwisha kupata moto, utaelewa kwa nini lita mbili za dizeli zilikuwa ghali sana pale. Kwa mwenye Canter ni vivyo hivyo: ukizima injini mteremkoni, busta inabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe.

Mwenye Canter, Morogoro

Nawashukuru wote, hasa Fundi na Mwalimu. Sasa ile hewa nimeielewa. Jumamosi ninarudi kuliona lile lori pamoja na tela lake, na muuzaji amekubali nije na mtu wangu. Ningeomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kuzipima breki hizo bila karakana, kwa vifaa ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuwa navyo mfukoni.

Mzee wa Tunduma

Mwanangu, nimeacha usukani miaka michache iliyopita baada ya kushusha shaba kutoka mpakani hadi Dar es Salaam kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuhesabu. Chukua chaki, rula, kopo la sabuni na kijana mmoja wa kukaa kwenye kiti.

Kabla ya yote weka mawe makubwa au kabari kwenye magurudumu, maana utaachia handibreki ukiwa chini ya gari. Fungua vali za kutolea maji chini ya matangi, moja baada ya jingine, na weka kiganja. Maji kidogo si ajabu. Maji mengi maana yake kifaa cha kukausha upepo kimekufa na matangi yanaoza kwa ndani. Ukipata uchafu mweupe mzito kama maziwa, kompresa inapitisha oili, na oili hiyo imekwisha kufika kwenye vali na dayaframu. Hapo ongea bei upya.

Jaza upepo hadi kompresa ikate yenyewe, usikie ule mlio wa kupumua. Zima injini. Kijana akanyage pedali hadi mwisho na aishikilie, geji ikishashuka mara ya kwanza kwa kukanyaga na kutulia, wewe itazame kwa dakika moja ya saa, si ya kukisia. Kipimo wanachotumia Marekani kwa kichwa na tela moja ni kwamba isishuke zaidi ya paundi 4 kwa inchi ya mraba, ambazo ni chini kidogo ya theluthi ya bar. Ikishuka zaidi, pita na sabuni kama Fundi wa Makambako alivyokuonyesha. Baadaye washa swichi bila kuwasha injini, kijana akanyage na kuachia mara nyingi ili kuumaliza upepo. Taa au kengele ya upepo mdogo lazima ilie kabla geji haijaingia chini ya bar 4. Malori mengi ya mtumba kengele yake imenyamazishwa kwa makusudi na mtu aliyechoshwa na kelele.

Kisha ingia chini. Upepo ukiwa kati ya bar 6 na 7, injini imezimwa, handibreki imeachiwa, piga alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye chemba. Kijana akanyage hadi mwisho. Pima umbali kutoka kwenye chemba hadi kwenye chaki. Kwa chemba ya kawaida aina ya 30, ukivuka sentimita 5 breki hiyo imelegea kupita kiasi. Zipo chemba za safari ndefu ambazo kikomo chake ni sentimita 6 na kidogo, na hizo huwa na alama yake, kwa hiyo soma maandishi ya chemba kabla hujabishana. Linganisha kushoto na kulia kwa kila ekseli, kwa sababu upande mmoja ukitoka sentimita 3 na mwingine 5, lori litavutwa upande siku ya mvua.

Ukiona slaki ni za kujikaza zenyewe na fimbo bado inatoka ndefu, usikubali muuzaji azikaze kwa spana mbele yako akakwambia tayari. Ile ya kujikaza ikilegea ina ugonjwa, aidha yenyewe au bushi za kamu zimeliwa, na ukiikaza kwa mkono umeuficha ugonjwa hadi mlima ujao. Na chemba yenye springi usiifungue mkanda wake kwa namna yoyote, wala usimruhusu kijana afungue. Springi ile imebanwa kwa nguvu inayoua mtu. Kuna boliti yake maalumu ya kuikunja, na hiyo ni kazi ya fundi. Iangalie tu boliti hiyo: ukiikuta imekazwa ndani ya chemba na si mahali pake pembeni, ujue springi hiyo imefungwa na handibreki ya gurudumu hilo haipo.

Mwisho, injini ikiwa inavuma, vuta hozi nyekundu. Tela lishike papo hapo. Lisiposhika, acha lori hapo hapo.

Kuhusu mlima, chagua gia kabla ya kilele, si baada yake, na iwe ndogo kiasi kwamba breki ya egzosti au retada, kifaa kinachopunguza mwendo bila kutumia lainingi, inabeba kazi kubwa. Mwendo ukifika pale ulipojiwekea, kanyaga kwa uthabiti sekunde tatu hivi hadi upungue kwa kilomita nane, achia kabisa, subiri urudi, kanyaga tena. Ule mtindo wa kuikalia pedali kidogo kidogo kutoka juu hadi chini unaipika lainingi hata kama mguu unahisi unafanya ustaarabu. Pale Kitonga nilikuwa nikisikia harufu ya lainingi za watu wengine kabla sijaziona taa zao.

Mwenye Canter, Morogoro

Shikamoo mzee wangu, na asante. Nimerudi jioni hii nikiwa na chaki hadi kwenye nywele. Kichwa kiko sawa: magurudumu yote manne ya nyuma yametoka kati ya sentimita 3 na 4, na upepo ulishuka kidogo sana kwa dakika nzima. Tela ndilo lililotushinda. Hozi nyekundu ilipovutwa lilishika, lakini ekseli ya mwisho, kulia, fimbo ilitoka sentimita 6 na nusu kwenye chemba ya kawaida, na upande wa kushoto wa ekseli hiyo hiyo, handibreki ilipovutwa, haikusogea kabisa. Shemeji alipapasa akakuta boliti ya springi imekazwa ndani. Muuzaji alisema ilikazwa siku ya kulivuta tela kutoka bandarini na hakuna aliyekumbuka kuilegeza. Tumekubaliana kwamba atabadilisha chemba zote mbili na bushi za kamu kwa gharama yake, na Jumatano nitakwenda tena na rula yangu.